Taa Inapogoma Kukaa kwenye Boksi

Boksi la mviringo lililozikwa darini lina kazi moja kubwa: kutunza nyaya na maungio yake. Kubeba taa ni kazi ya nyongeza. Huiweza kazi hiyo ikiwa taa ni nyepesi, skrubu ni za kipimo chake na boksi lenyewe bado zima. Uzito wa kweli unapaswa kubebwa na zege, mbao au chuma cha dari. Ukiyatenganisha mambo hayo mawili kabla hujapanda ngazi, shida nyingi za kufunga taa zitapungua, kwa sababu utaacha kulilazimisha boksi pale linapokataa na utatafuta mahali pengine pa kushikia.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye nyumba unayetaka kubadilisha taa, na wewe kijana unayejifunza ufundi na hujapata mtu wa kukueleza kwa nini skrubu haziingii. Nimezingatia nyumba za Tanzania na Kenya, ambako mtindo wa kufunga umeme ulitoka Uingereza: volti 230 hadi 240, paipu za plastiki za milimita 20 ndani ya zege, waya wa milimita za mraba 1.5 kwa laini za taa. Kuvuta laini mpya au kuongeza sakiti ni kazi ya fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au ya EPRA kwa Kenya. Hapa tuna boksi ambalo tayari lipo, na taa inayotakiwa kukaa juu yake.

Vipimo kwanza

Chukua rula upime umbali kati ya matundu mawili ya skrubu kwenye boksi la mviringo, katikati ya tundu moja hadi katikati ya lingine. Utapata milimita 51 hivi, yaani inchi 2. Kipimo hiki ni cha zamani. Mafundi wa Uingereza hadi leo huliita boksi hilo BESA, kutokana na herufi za jina ambalo shirika la viwango la nchi hiyo lilitumia kuanzia 1918 hadi 1931. Skrubu yake ni M4, ile yenye unene wa milimita 4 na hesi za kuingia kwenye nati, isiyo na ncha kama ya mbao.

Sasa fungua katoni ya taa. Taa nyingi zinazouzwa Kariakoo au River Road zimetoka China, na kiwanda kilichozitengeneza kinauza kwa nchi zenye maboksi ya kila aina. Ndiyo maana unakuta bati jembamba lenye matundu marefu yanayoruhusu skrubu kusogea huku na huku. Kiwanda kimekisia. Mara nyingi matundu hayo yanafika 51 na kazi inakwenda vizuri. Mara nyingine yanaanzia 60 au 70, na hapo hakuna nguvu za mkono zitakazoyafanya yakutane na masikio ya boksi, yaani vile vishikio vyenye matundu ya skrubu.

Ukutani hesabu hubadilika. Taa ya ukutani mara nyingi hukuta boksi la mraba, lile ambalo mafundi huliita 3x3, lile lile la swichi. Masikio yake yako umbali wa milimita 60 hivi na skrubu yake ni M3.5, nyembamba kidogo kuliko ya darini. Anayechukua M4 na kuisukuma humo kwa nguvu anaua hesi, na boksi la ukutani likishakufa hesi kulibadilisha ni kubomoa lipu. Kuna na taabu ya pili: kitako cha taa nyingi za ukutani ni chembamba kuliko boksi la 3x3, hivyo taa ikikaa, pembe za boksi zinabaki wazi pande zote mbili. Nitarudi kwenye hilo.

Wenye ndugu Marekani hupokea taa nzuri sana kwenye makontena. Bati la taa hizo lina matundu ya inchi 2¾ na 3½, sawa na milimita 70 na 89, kwa hiyo halikutani na boksi letu hata kidogo. Hilo lina dawa. Lisilo na dawa rahisi ni maandishi ya 120V kwenye taa yenye LED za kujengewa ndani: ukiiunganisha na umeme wetu itaungua. Soma kibandiko kwanza.

Ushauri wangu ni kwenda dukani na ramani. Zima umeme, ondoa taa ya zamani, bandika karatasi ngumu juu ya boksi, uipigie mstari kuzunguka ukingo na utoboe kwa penseli pale yalipo matundu ya skrubu. Karatasi hiyo ukiiweka chini ya taa mezani kwa muuzaji itakujibu maswali mawili kwa mpigo: kama bati linafika, na kama kitako kitafunika shimo lote. Muuzaji hatakuambia hayo, maana hajaiona dari yako.

Kukatika kwa umeme si kuzima umeme

Mtu anaona mtaa mzima uko gizani, anasema afadhali, acha nifunge taa sasa. Umeme unarudi bila hodi na kumkuta ameshika waya. Zima sakiti breka ya taa kwenye bodi, na kama hujui ni ipi, zima meinswichi. Ikiwa nyumba ina sola yenye inveta au jenereta, nayo uizime, kwa sababu baadhi ya inveta hufungwa zilishe laini za taa zenyewe pindi umeme wa gridi unapokatika. Kisha bandika tepu juu ya swichi uliyoizima na uwaambie wote waliomo nyumbani. Mtoto anayekuta feni haizunguki hukimbilia bodi.

Swichi ya ukutani haitoshi kabisa. Katika nyumba nyingi waya wa moto hupita ndani ya boksi la taa ukielekea chumba kingine, na hauzimwi na swichi hiyo. Kuna pia kosa la kufunga swichi kwenye nyutro badala ya kwenye moto: taa inazimika, lakini holda inabaki na umeme. Taa ya LED inayobaki na mwanga hafifu usiku baada ya kuzimwa inaweza kuwa dalili ya kosa hilo, na inafaa fundi aiangalie.

Pima kila waya. Testa ya bisibisi ni nzuri lakini inaweza kukudanganya ukiwa juu ya ngazi ya mbao umevaa viatu vikavu, maana kitaa chake huwaka kwa umeme unaopita mwilini mwako. Mita ni bora zaidi. Chochote utakachotumia, kijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme, pima nyaya za boksi, kisha kijaribu tena mahali unapojua pana umeme. Kipimo kilichokufa katikati ya kazi husema "hakuna umeme" kwa kila waya.

Rangi zisikupe uhakika wa kupita kiasi. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Mpya zina kahawia na bluu. Lakini waya mweusi unaorudi kutoka kwenye swichi kuja kwenye taa unaweza kuwa wa moto, na fundi aliyeishiwa rangi moja siku ile alitumia aliyokuwa nayo. Piga picha kwa simu kabla hujafungua ungio lolote.

Boksi lililozama

Hili ndilo tatizo ninaloliona kuliko yote. Boksi lilifungwa kwenye mbao za fomu kabla ya zege kumwagwa, likakaa sawa kabisa. Kisha ikaja lipu, ikaja skimu, pengine ikaja na dari ya ubao chini yake. Leo ukingo wa boksi uko sentimita 2 au 3 juu ya uso unaouona, na skrubu fupi zilizokuja na taa hazifiki.

Dawa ya kwanza ni ringi ya kuongezea boksi, kipande cha mviringo kisicho na kitako, chenye masikio na umbali ule ule wa 51. Hufungwa kwenye boksi lililozama kwa skrubu ndefu na kulileta usawa wa dari. Huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme yanayohudumia majengo makubwa. Kama dari yako ni ya mbao au ubao laini, usiiruke hatua hii. Boksi linapoishia juu ya ubao, cheche ya ungio bovu inakutana na mbao kavu badala ya kukutana na plastiki isiyoshika moto kwa urahisi.

Kama dari ni ya zege na lipu tupu, unaweza kutumia skrubu ndefu za M4, za milimita 40 au 50. Lakini kuna mambo mawili. La kwanza, skrubu ndefu bila kitu cha kuizuia italivuta bati la taa kuingia ndani ya shimo na kulipinda, na taa itakaa ikiwa imeinama. Kata vipande viwili vya bomba jembamba gumu, virefu sawasawa na kina cha shimo, uvivishe kwenye skrubu kati ya sikio la boksi na bati. Bati litasimama imara. La pili, angalia mwisho wa skrubu unaenda wapi. Masikio mengi yametobolewa hadi upande wa pili, na skrubu iliyozidi huingia moja kwa moja kwenye nyaya zilizokunjwa ndani. Ingiza skrubu kwa mkono kwanza, nyaya zikiwa zimesogezwa kando, uone.

Skrubu ikizidi, ikate. Kabla ya kukata, izungushie nati hadi karibu na kichwa, kisha kata ncha kwa msumeno wa chuma, piga tupa kidogo, halafu itoe nati. Ikitoka inanyoosha hesi zilizoumizwa na msumeno. Ukisahau nati, skrubu iliyokatwa haitaingia popote, na utadhani boksi ndilo bovu.

Mara nyingine tundu lenyewe limejaa saruji, kwa sababu aliyepiga lipu hakuziba boksi. Usiingize skrubu kwa hasira. Toa saruji kwa patasi ndogo na msumari, bila kugonga sikio, kisha safisha hesi. Kuna chombo maalumu cha kukata hesi za M4, na bei yake si kubwa kwa mtu anayefanya kazi hii kila siku. Usipokuwa nacho, chukua skrubu ya chuma ya M4, uipige tupa mtaro mmoja wa kwenda chini kwenye ncha yake, upande mmoja tu. Iingize ikiwa na tone la mafuta, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, nusu mbele, robo nyuma. Vumbi la saruji litakusanyika kwenye mtaro ule badala ya kukwama. Itoe, ipanguse, rudia. Dakika kumi za uvumilivu hapa zinaokoa boksi.

Kama skrubu mpya ya M4 inaingia kwenye boksi la chuma la nyumba ya zamani bila kung'ata, inazunguka tu, huenda hesi hazijafa. Maboksi ya Kiingereza ya enzi zile yalitumia skrubu ya 2BA, yenye unene wa milimita 4.7. Tunza skrubu zake za awali kama unazo. Kama zimepotea, dawa ni ile ninayoieleza hapa chini.

Sikio lililovunjika

Boksi zuri la plastiki lina kijitundu cha shaba ndani ya sikio. La bei rahisi lina plastiki tupu, na skrubu hujichongea hesi yenyewe. Fungua na kufunga mara tatu nne, hesi imekwisha. Joto nalo linachangia: plastiki hii huanza kupoteza ugumu wake joto linapopita nyuzi 60 hivi, na miaka mingi ya balbu za kuchemka za wati 60 au 100 ndani ya taa iliyofungwa imezifanya dari nyingi ziwe na masikio yanayomeguka kama biskuti.

Watu huingiza kijiti cha kiberiti, gundi, hata kipande cha tepu, ili skrubu ishike. Itashika leo. Sipendekezi hata moja kati ya hizo kwa kitu kinachoning'inia juu ya kichwa cha mtu. Achana na masikio ya boksi na ushike zege.

Tafuta bati refu kuliko boksi, au lile la taa lenyewe kama lina urefu wa kutosha, lilale juu ya mdomo wa boksi na ncha zake zivuke ukingo kwa sentimita 2 au zaidi kila upande. Kabla ya kutoboa, chungulia ndani ya boksi uone paipu zinaingilia pande zipi. Paipu hizo zinaendelea ndani ya zege kwa mstari ule ule, zikiwa na nyaya. Toboa kwenye pande ambazo hazina paipu. Boksi likiwa na paipu nne pande nne, toboa kwenye pembe, katikati ya paipu na paipu. Ukikosea hapa utatoboa waya ndani ya zege, na kuupata tena ni kazi ya siku nzima.

Tundu la milimita 6, kina cha milimita 40, plagi ya plastiki inayoingia kwa kugongwa kidogo na nyundo, skrubu inayolingana. Pumulia vumbi nje kabla ya kuingiza plagi, ukiwa umefumba macho au umevaa miwani. Plagi iliyokaa juu ya vumbi huchomoka. Drili ikigota na kutoa mlio mkali, umekutana na nondo. Usishindane nayo. Sogea sentimita mbili. Kama sakafu ya juu ilijengwa kwa matofali yenye uwazi ndani, plagi ya kawaida haitashika. Tumia boliti yenye mabawa yanayofunguka ndani ya uwazi.

Shimo lililobaki wazi pembeni, iwe ni lipu iliyobomoka darini au zile pembe za 3x3 ukutani, hufunikwa vizuri na kibao cha mviringo au cha mraba cha mbao au plastiki, kilichotobolewa katikati, kilichopakwa rangi ya dari. Kibao kikae kati ya dari na kitako cha taa, nacho kishikwe na skrubu zinazofika kwenye zege. Maungio ya nyaya yabaki ndani ya boksi, kamwe yasikae nyuma ya kibao.

Taa iliyokaa upande

Taa ya duara haijali. Taa ya mraba au ndefu ikifungwa kwenye boksi ambalo masikio yake yameelekea kona ya chumba, nayo itaelekea kona, na kila anayeketi sebuleni ataiona. Nunua bati lenye vipande viwili vilivyoshikana katikati kwa kipini, kimoja kinafungwa kwenye boksi, kingine kinazunguka hadi kilingane na ukuta. Kaza kipini baada ya kupima kwa futi kutoka ukutani kwenda kila ncha ya taa. Jicho la mtu aliye juu ya ngazi halipimi vizuri.

Dari ya jipsamu

Hapa ndipo watu wanapojidanganya zaidi, kwa sababu jipsamu inaonekana kama ukuta. Ubao wake wa kawaida wa darini una unene wa milimita 9 hadi 12, nao wenyewe umeshikwa kwa skrubu kwenye mbao za 2x2 au kwenye chuma chembamba. Skrubu iliyofungwa kwenye jipsamu tupu itaibeba taa ya plastiki ya gramu chache. Zaidi ya hapo unangoja siku.

Tafuta mbao. Gonga kwa kifundo cha kidole usikie sauti inapobadilika kutoka wazi kuwa nzito, kisha pitisha sumaku ndogo: itanasa pale vilipo vichwa vya skrubu za jipsamu, chini ya skimu. Ukishaona mstari wa vichwa hivyo umeiona mbao. Bahati ikiwa mbaya, na mara nyingi huwa mbaya, taa inatakiwa katikati ya mbao mbili. Basi ingia juu ya dari kupitia kifuniko chake, ukikanyaga mbao tu, ukate kipande cha mbao cha kukaa kati ya zile mbili na ukifunge kwa skrubu kila ncha, kikigusa jipsamu kutoka juu. Boksi lifungwe kwenye kipande hicho. Kazi hii inachukua nusu saa na vumbi jingi, nami nasisitiza ifanywe wakati jipsamu inawekwa. Ukiwa unajenga, mwambie fundi wa jipsamu leo, kwa maandishi kama inawezekana, ni wapi taa nzito zitakaa.

Uzito

Pima taa kwa mizani ya dukani au ya nyumbani. Kwa boksi la plastiki, mimi husimama kwenye kilo 3, tena kama masikio ni mazima na balbu ni LED. Taa ikining'inia kwa waya wake wenyewe, waya nao una kikomo: majedwali ya Uingereza yanaupa waya laini wa milimita za mraba 0.75 kilo 3, na wa 1.0 kilo 5. Taa ya vioo vya mikufu, ile ya kuwekwa sebuleni au ukumbini, inashikwa na mnyororo wake kwenye ndoano, na waya unapita kando ukiwa umelegea.

Nyumba nyingi za ghorofa, hasa pwani, zina ndoano ya feni iliyozikwa kwenye zege. Ni zawadi, lakini haijulikani iko katika hali gani baada ya miaka ya kutu. Ijaribu. Kwa taa ya kilo 10, funga mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa kamba imara, uuning'inize sentimita chache juu ya sakafu, uuache kwa saa kadhaa bila mtu kukaa chini yake. Ndoano ikisogea, ikipinda au zege likidondosha chembe, isahau na utumie boliti za kutanuka ndani ya zege.

Kuunganisha ukiwa na mikono miwili tu

Mikono ndiyo inayopungua. Mmoja unashika taa, mwingine unashika waya, bisibisi haina wa kuishika, na taa inaishia kuning'inia kwenye konekta ambayo bado haijakazwa. Kabla ya kupanda, tengeneza ndoano ya waya mnene, upande mmoja uingie kwenye bati lililokwisha kufungwa darini, upande wa pili kwenye kitako cha taa. Taa inakaa yenyewe sentimita kumi na tano chini ya dari, nawe unaunganisha kwa utulivu.

Kama nyaya za boksi ni fupi, usizivute. Ongeza kipande cha waya wa unene ule ule kwa konekta ndani ya boksi. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu ni tabia iliyoenea mno, na nasikitika kila nikiifungua: gundi ya tepu huyeyuka kwa joto, tepu inalegea, waya unabaki uchi. Menya milimita 8 hadi 10. Waya wa nyuzi nyingi usokote, uukunje mara mbili ndipo uuingize, kisha uvute kidogo baada ya kukaza. Ukitoka, ulikuwa hauna kazi pale.

Taa ya chuma lazima ipate waya wa ethi, ule wa kijani na njano. Nyumba nyingi za zamani hazina waya huo kwenye maboksi ya taa. Ukiukosa, chagua taa ya plastiki yenye alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, inayomaanisha kwamba imetengwa mara mbili na haihitaji ethi. Au mwite fundi avute waya. Usiunganishe ethi na nyutro ili ionekane imefungwa. Nyutro ikikatika mahali popote kabla ya hapo, mwili mzima wa taa unakuwa na umeme.

Zikunje nyaya polepole ndani ya boksi, konekta zikitangulia, kisha inua kitako. Kikikataa kukaa bapa, usikikaze kwa skrubu. Kuna waya umekaa kati ya chuma na chuma, na ukikaza utauminya hadi ngozi ichanike. Shusha, panga upya, rudisha. Taa nyingi zina matundu yenye umbo la ufunguo: skrubu huachwa nusu, kitako huvishwa juu yake na kuzungushwa kidogo, ndipo hukazwa. Tumia njia hiyo kila inapopatikana, inakupa mkono wa tatu.

Taa za nje

Barazani na ukutani nje, tafuta taa yenye alama ya IP44 au zaidi, na kwa miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Unguja acha skrubu za chuma zilizokuja na taa ndani ya katoni. Hewa ya chumvi huzila upesi, na siku ya kubadilisha taa kichwa cha skrubu kinakatika kikiacha mwili ndani ya sikio. Weka za shaba au za chuma kisichoshika kutu, na uzipake grisi kidogo kwenye hesi.

Kabla ya kufunga, ziba kwa silikoni tundu la paipu lililo wazi ndani ya boksi. Nyigu na mijusi hupenda sana mahali hapo, na mjusi anayepita kati ya moto na nyutro huangusha breka usiku bila mtu kujua sababu. Kisha paka silikoni kuzunguka kitako cha taa, juu na pande mbili. Upande wa chini usiupake kitu: maji kidogo yataingia hata ufanyeje, nayo yanahitaji pa kutokea.

Washa, uiache iwake saa moja. Zima tena kwenye bodi, panda, shika kitako kwa mkono mzima na ukitikise. Kikicheza hata kidogo, kaza sasa, ngazi ikiwa bado imesimama.